Bi. Terauchi na Pumzi Iliyokwama Chini ya Mshipi

Tarehe 31 Machi 2019, saa kumi na moja jioni, Bi. Terauchi Hatsue atakunja taulo zake za mwisho, atatundika koti lake jeupe kwenye msumari wa nyuma ya mlango, na kustaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Yukihara kwa miaka arobaini na mmoja. Alianza kazi Aprili 1978 akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, na amechelewa siku mbili tu. Zote mbili theluji ilikuwa imefunga barabara, na zote mbili alifika kabla ya daktari wa zamu.

Kamati ya Sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye jirani yake. Naitwa Orikasa, wa Idara ya Tiba ya Viungo, na kwa miaka kumi na mitatu kitanda changu cha wagonjwa na chake vimetenganishwa na pazia tu. Nilipewa kurasa mbili. Kamati itanisamehe.

Bi. Terauchi alizaliwa mwaka 1954 katika familia ya wakulima wa matufaha huko mlimani. Alipofika miaka kumi ugonjwa ulimwondolea uwezo wa kuona, wazazi wakampeleka mjini kwenye shule ya wasioona, na huko akajifunza kukanda mwili na tiba ya sindano. Kwetu kazi hii imekuwa ya wasioona tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walichoshangaa ni kwamba aliajiriwa na hospitali, wakati wenzake wote walikwenda kwenye nyumba za kuogea za chemchemi za maji ya moto. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Barua ya kumthibitisha kazini hajaletewa mpaka leo, naye hutukumbusha kila mwaka, kwenye mkutano wa Aprili, kwamba yeye bado yuko kwenye majaribio na hangependa kuharibu nafasi yake.

Wafanyakazi wapya huonywa mambo matatu kumhusu. Usimshike kiwiko kumwongoza bila kuombwa. Mwaka ule umeme ulipokatika ni yeye aliyetuongoza sisi mpaka ngazi ya dharura, akicheka njia nzima. Usihamishe ndoo ya miavuli pale mlangoni. Na usimwambie umelala vizuri kama hukulala. Mkurugenzi wetu wa nne aliingia chumbani kwake kumsalimia tu, na kabla hajafunga mlango akaulizwa mbona anapumulia mabegani tangu Jumatatu, au nyumbani kuna neno? Kulikuwa na neno. Halihusiani na wasifu huu.

Niongeze kwamba katika picha zote za wafanyakazi, kuanzia ile ya mwaka 1978, anatazama upande ambao kamera haipo. Yeye hushikilia kwamba mpiga picha ndiye aliyesimama mahali pasipo pake.

Kazi iliyompa jina ni ya diaframu, yaani ule msuli mpana uliotanda chini ya mapafu, umekaa kama kawa iliyofunika chakula. Tukivuta pumzi unashuka, tukitoa unapanda. Hilo tulifundishwa sote shuleni. Wengi wetu tusichokumbuka ni kwamba kingo zake zimeshika mbavu za chini pande zote, na kwa nyuma una mikia miwili iliyojishikiza mbele ya mifupa ya kiuno. Kwa hiyo ukikakamaa, hauibani pumzi peke yake. Mbavu hazifunguki, mgongo haukunjiki sawasawa, na mara nyingine hata bega na shingo huuma kwa kosa lisilo lao. Sisi tukahangaika na bega mwezi mzima.

Bi. Terauchi humlaza mgonjwa chali, magoti yamekunjwa. Hupasha mikono yake kwa taulo ya moto, huweka vidole chini ya ukingo wa mbavu, kisha hafanyi kitu. Hapo ndipo wanafunzi huchanganyikiwa. Anangoja. Pumzi ikitoka, vidole vinaifuata ndani taratibu. Pumzi ikiingia, anazishika mbavu kwa nje ili zifunguke zaidi kidogo kuliko zilivyozoea. Pumzi nane au kumi, mapumziko, kisha tena. Hakuna mfupa unaolia wala mgonjwa anayepiga kelele, na wengine hupitiwa na usingizi. Yeye mwenyewe ni wa kwanza kusema kwamba si dawa ya kila kitu. Mwenye maumivu ya kifua humrudisha kwa daktari kabla hajavua viatu.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuja kuliamini jambo hili, kwa sababu sikuliamini.

Mwaka 2009 alitujia Bi. Mitobe Kinue, mwenye nyumba ya wageni iliyoko ng'ambo ya daraja la mbao. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Tarehe tatu Novemba mwaka huo alipangiwa kumkabidhi nyumba mkwewe, Chihaya, mbele ya wageni wanaorudi kila mwaka. Nyumba ile ina desturi yake. Mgeni akiondoka, mwenye nyumba hupiga magoti kwenye mkeka wa mlangoni, huweka mikono chini, huinama mpaka paji la uso likaribie vidole, na hanyanyuki mpaka gari la mgeni limalize daraja. Mama mkwe wa Bi. Mitobe alifanya hivyo mpaka mwaka aliofariki. Bi. Mitobe alikuwa hawezi tena. Akifika nusu, mgongo unagoma na pumzi inakatika, inambidi kunyanyuka gari likiwa bado uani. Tangu theluji ya mwaka huo iyeyuke alikuwa akijificha jikoni wageni wakiondoka, na Chihaya akainama kwa niaba yake.

Alikabidhiwa kwangu. Nilikuwa na shahada, mashine mbili na miaka mitatu ya kazi. Kuanzia Julai nilimpasha mgongo joto, nikamnyoosha nyonga, nikampa mazoezi. Kila mwisho wa kikao nilimuuliza hali, naye alitabasamu na kusema ni nafuu kubwa, mikono yangu ina baraka. Niliandika. Kufikia katikati ya Septemba, maumivu aliyoyataja kuwa saba kati ya kumi yalikuwa yameshuka hadi mbili, na nililitaja jambo hilo kwenye mkutano wa Jumatatu bila kuombwa.

Mchana mmoja tulikuwa tunakula matonge ya wali na figili za siki, mimi na Bi. Terauchi, akaweka vijiti vyake vya kulia chini.

“Mtaalamu,” alisema. Ndilo jina analoniita anapotaka kunitania, kwa sababu mimi nina shahada na yeye hana. “Yule mama anakuhurumia.”

Nikamuuliza ananihurumia kwa lipi.

“Akikwambia nafuu, pumzi inamkwama. Mtu mwenye nafuu hasemi huku kabana tumbo. Faili lako linasemaje?”

Nilikwenda kulifungua faili kwa hasira, nimsomee nimnyamazishe. Safu ya maumivu ilikuwa nzuri: saba, sita, nne, mbili. Kando yake kulikuwa na safu ya utepe, yaani umbali kutoka ncha za vidole hadi sakafuni anapoinama. Sentimita thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini. Thelathini na moja. Safu zote mbili nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, wiki baada ya wiki, na nikaamini tabasamu. Kwetu mgonjwa mwenye adabu hamwaibishi anayemtibu. Mimi nimezaliwa hapa hapa, nimelelewa na bibi aliyekunywa dawa chungu ya jirani miaka miwili ili jirani asijisikie vibaya, na bado sikushtuka. Wahenga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na mtu asiyeona.

Nilimwomba Bi. Terauchi aje upande wangu wa pazia. Alikubali kwa sharti moja: Bi. Mitobe asivae gauni la hospitali, aje na nguo zake za kazi. Hapo nikagundua kwamba kwa wiki kumi sikuwahi kumwona mgonjwa wangu akiwa amevaa nguo zake mwenyewe. Alikuwa anabadilisha nguo kwenye chumba cha kubadilishia, nami nakutana naye akiwa tayari kitandani. Siku hiyo aliingia na kimono, na ule mshipi mpana umemzunguka kuanzia chini ya matiti hadi kiunoni. Bi. Terauchi aliomba ruhusa, akaweka kiganja juu ya mshipi.

“Mama, mshipi huu unaufunga tangu saa ngapi?”

“Tangu alfajiri, mpaka wageni walale.”

“Kwa miaka mingapi?”

“Arobaini na minane.”

“Sasa humu ndani pumzi unaiweka wapi?”

Bi. Mitobe alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Akaniinamia, nusu ile aliyoiweza, akaniomba radhi. Alisema maumivu hayajapungua hata siku moja, ila aliniona najitahidi sana na hakutaka nijione nimetoka jasho bure. Kisha akasema jambo ambalo kwa wiki zote zile sikuwa nimemuuliza.

“Nikishindwa kuinama siku ile, watu walionijia miaka arobaini wataondoka bila kuagwa. Itakuwa kama nimewafukuza.”

Bi. Terauchi hakumwahidi kitu. Alisema tuna wiki saba, tujaribu.

Mara ya kwanza zilikuwa pumzi tisa, kisha tisa nyingine. Nilizungusha utepe kwenye mbavu za chini. Kabla ya hapo, kati ya pumzi iliyotoka na iliyoingia palikuwa na tofauti ya sentimita moja. Sasa zilikuwa mbili na nusu. Nikampima kuinama: ishirini na tano. Nilipima mara tatu nikidhani utepe umejikunja. Bi. Mitobe aliketi ukingoni mwa kitanda akasema hewa imefika mahali ambapo haijafika tangu alipokuwa bibi harusi. Kesho yake alirudi kwenye ishirini na tisa, na Bi. Terauchi akasema msuli ulioshikwa miaka arobaini na minane hauachii kwa adhuhuri moja. Tuliendelea mara mbili kwa wiki. Mazoezi yangu yale yale niliyompa bure tangu Julai yakaanza kufanya kazi, kwa sababu sasa mbavu zilikuwa na pa kwenda. Hilo nalisema kwa faida ya heshima yangu iliyobaki.

Ulibaki mshipi wenyewe. Aliyekuwa akiufunga kila asubuhi ni Chihaya, naye aliukaza kwa heshima, mama mkwe akiwa ametoa pumzi yote, kwa sababu mshipi wa mwenye nyumba haupaswi kulegea mbele ya wageni. Alipoelezwa, rangi ilimtoka usoni akidhani amemuumiza mzee wake kwa mkono wake mwenyewe. Bi. Terauchi alimshika mkono huo huo, akaulaza juu ya mbavu za Bi. Mitobe.

“Ulikuwa unamheshimu mama,” alimwambia. “Sasa heshimu na mbavu zake. Avute pumzi nusu, ndipo ufunge. Na mchana wageni wakitoka, mlegezee.”

Wiki ya nne mambo yaliharibika. Bi. Mitobe aliingia amekakamaa, utepe ukasema thelathini. Ilibainika kwamba kwa siku tano alikuwa akijificha nyuma ya jiko kila asubuhi na kuinama mara thelathini, kwa siri, amebana pumzi na kung'ata meno. Kwa mara ya kwanza nilimwona Bi. Terauchi akikasirika na mgonjwa. Alitoka chumbani, akakaa nje muda wa kutosha sisi wawili kuogopa, akarudi na vikombe vitatu vya chai. Alimwambia Bi. Mitobe kwamba mtu huinama pumzi ikiwa inatoka, hainami nayo ndani. Mara tano kwa siku, basi. Ya sita ni kiburi.

Tarehe tatu Novemba tulialikwa. Tuliketi pembeni ya ukumbi wa mlangoni, mimi upande wa kushoto wa Bi. Terauchi. Wa kwanza kuondoka walikuwa mzee na mkewe kutoka mji wa bandari, waliokuwa wamefika mara ya thelathini na tisa. Walivaa viatu vyao bila haraka. Bi. Mitobe alipiga magoti, akaweka mikono kwenye mkeka, akaanza kushuka. Alifika pale pale alipokuwa akikwama siku zote, akasimama. Nami nikabana pumzi yangu. Bi. Terauchi alinifinya mkono, maana alinisikia. Ndipo Bi. Mitobe akaitoa pumzi, ndefu, na mgongo ukaifuata, mpaka paji la uso likawa juu ya vidole vyake. Alitulia hapo. Mlango wa gari ulifungwa, changarawe zikasagika uani, kisha mbao za daraja zikalia, ubao wa kwanza hadi wa mwisho, pakawa kimya. Hapo ndipo aliponyanyuka.

“Pumzi nne,” Bi. Terauchi aliniambia sikioni. Alikuwa amezihesabu Bi. Mitobe akiwa ameinama.

Magari yalikuwa kumi na moja. Kwa yale mawili ya mwisho Bi. Mitobe alihitaji mkono wa Chihaya ili anyanyuke, na jioni aliwekewa maji ya moto miguuni. Lakini hakuna mgeni aliyeondoka bila kuagwa.

Jumatatu iliyofuata nilichukua kalamu nyekundu, nikaikata kwa mstari safu yangu nzuri ya maumivu, na kando yake nikaandika: kauli ya heshima. Nililipitisha faili mkutanoni nikitegemea aibu. Madaktari walicheka, kisha watatu wao wakaondoka kabla ya chai kwenda kukagua mafaili yao. Ndiyo maana, kwa wale wasiojua, fomu ya matibabu ya hospitali yetu ina maswali mawili ambayo hospitali nyingine hazina: siku nzima unavaa nini, na unataka uweze kufanya nini. Maswali hayo ni ya Bi. Terauchi. Jina lake halipo kwenye fomu kwa sababu alikataa.

Tangu hapo ametufundisha watu kumi na tisa kazi ya diaframu. Somo la kwanza ni kuweka mikono na kungoja, na mimi nilipigwa kofi kwenye kifundo cha mkono mara sita kabla ya kulifaulu. Kupitia mikono yake wavunaji wa matufaha walioshindwa kuinua mikono wameipandisha tena matawini. Wenye mapafu mabovu wamepanda ngazi za nyumba zao, na sisi wenyewe, kila Januari, tumenyooshwa baada ya kuzoa theluji tukiwa tumebana pumzi kama wajinga, licha ya maonyo yake. Wapo pia alioshindwa kuwasaidia. Hao amewaandika mmoja mmoja kwa nukta nundu katika daftari nene kuliko mengine yote kabatini mwake: walivaa nini, walitaka kufanya nini, na wapi alipofikiri alikosea. Daftari hilo ameniachia mimi. Sijui kulisoma bado. Nimeanza kujifunza kwa vidole, na mpaka leo nimefika ukurasa wa tatu. Sijawahi kupewa kitu kikubwa zaidi kazini, na sijui nitamshukuru vipi isipokuwa kwa kulimaliza.

Wafanyakazi wote, na hasa Idara ya Tiba ya Viungo, tunamshukuru kwa miaka arobaini na mmoja ya mikono ya moto, figili za siki zilizotosha idara nzima, na ukweli ambao hakuna aliyeuomba na wote tuliuhitaji. Katika sherehe, Mkurugenzi atamkabidhi barua ya kumthibitisha kazini, iliyoandikwa kwa nukta nundu na kuwekwa tarehe ya Julai 1978. Ataweza kuihakiki mwenyewe. Ikiwa na makosa, tutasikia.

Mwisho nina ombi kwa wenzangu. Kama ilivyo ada, tutajipanga mistari miwili kutoka kwenye lifti hadi mlango mkuu, na mstaafu atapita katikati huku tukiinama. Nakiri kwamba waliotangulia tuliwainamia harakaharaka, tumebana pumzi, akili ziko kwenye fomu za mwisho wa mwezi. Bi. Terauchi hatatuona. Ukishuka nusu na kurudi, macho yake hayatakuambia kitu, lakini masikio yake yatajua. Kwa hiyo tushuke mpaka chini, na tukishuka tuiachie pumzi yote itoke kwa sauti, na asinyanyuke mtu mpaka gari lake litoke getini. Bi. Mitobe, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, atakuwa wa mwisho kwenye mstari, mlangoni, juu ya mkeka aliosema atakuja nao mwenyewe. Ametuma salamu kwamba akishindwa kunyanyuka tumwinue, ila tusimwinue mapema.

Mwalimu, tunakuombea siku ndefu zisizo na kengele, matufaha ya kwenu kila msimu, na watu wa kukukanda wewe sasa. Ukifika ukumbini ukasikia hospitali nzima inatoa pumzi kwa pamoja, ujue ni sisi, na siku hiyo hakuna hata mmoja anayekudanganya kwa heshima.